Amemaliza Diploma ya Ufundi Ufaransa: Achague Shule Gani ya Wahandisi?



Vijana wa kutoka sehemu zetu waliofika Ufaransa kusoma ufundi sio wengi, lakini wapo. Mmoja wao akimaliza diploma, barua inafika nyumbani: "Mama, nimefaulu. Sasa nataka kuendelea niwe injinia. Naomba mnisaidie." Mzazi anaileta barua kwa kikundi. Kikundi kina moyo wa kusaidia, na pengine kina pesa kidogo kwenye akaunti, lakini hakuna hata mmoja pale anayejua hiyo shule ya wahandisi ni kitu gani, ni miaka mingapi, na inagharimu nini. Mwenyekiti anauliza, "Ni shule nzuri?" Kila mtu anaangalia chini.

Makala hii ni kwa ajili ya mkutano kama huo. Tutaieleza njia ya kutoka diploma ya ufundi mpaka uhandisi kule Ufaransa, na hasa namna ya kuchagua, kwa maana shule zenyewe ni karibu 200 na hazifanani. Iko shule inayomlipisha kijana karo ya juu kila mwaka. Iko nyingine ambapo kijana huyo huyo analipwa mshahara huku akisoma, na mwisho wote wawili wanapata cheti cha namna moja. Na iko shule ambayo ukimaliza hupati cheti cha mhandisi kabisa, ingawa umelipa mpaka senti ya mwisho.

DIPLOMA YENYEWE NI IPI

Ufaransa mtoto akimaliza shule ya upili anafanya mtihani unaoitwa baccalauréat. Watu wanaufupisha wanasema bac. Baada ya hapo, anayependa ufundi ana milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni BTS, diploma ya miaka 2. Jambo la kushangaza kwetu ni kwamba BTS inasomewa katika shule za upili zenyewe, katika madarasa ya juu, si katika chuo kikuu. Darasa ni dogo, na mafunzo yanalenga kazi moja hasa, kama vile umeme, mitambo au ujenzi.

Mlango wa pili ni taasisi za teknolojia zilizo ndani ya vyuo vikuu. Zinaitwa IUT, zilianza mwaka 1966, na leo ziko zaidi ya 100 kila upande wa nchi. Kwa miaka mingi IUT zilitoa diploma ya miaka 2 inayoitwa DUT. Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Kozi ikawa ya miaka 3 na jina jipya likawa BUT. DUT bado inatolewa, lakini sasa ni kama kituo cha njiani: mtu akimaliza mwaka wa pili anaipata, kisha anaendelea na wa tatu au anashuka hapo.

Nalisema jambo hili pole pole kwa sababu wajomba walioishi huko tangu zamani bado wanashauri watoto kana kwamba DUT ndiyo mwisho wa safari. Siyo tena. Mabadiliko haya yameleta swali gumu ambalo tutalirudia hapa chini.

Sasa mhandisi. Kule, mhandisi anasoma miaka 5 baada ya bac. Miaka 2 ya kwanza ni ya msingi, na mitatu ya mwisho ndiyo ya uhandisi wenyewe. Watoto wanaopita njia ile maarufu hukaa miaka 2 ya msingi katika madarasa ya matayarisho, wakila hesabu na fizikia asubuhi mpaka usiku, halafu wanafanya mtihani wa kushindania nafasi. Kijana mwenye diploma ya ufundi hukutana nao pale katikati, mwanzoni mwa ile miaka 3. Miaka 2 ya diploma, 3 ya uhandisi, jumla 5. Hajapoteza hata mwaka mmoja. Hapa kwetu tunajua vizuri uchungu wa kijana aliyemaliza diploma, kisha akaambiwa aanze chuo kikuu mwaka wa kwanza, akikaa dawati moja na waliotoka Form Four juzi.

Mlango huo haukujifungua wenyewe. Mwaka 1957 ilifunguliwa karibu na mji wa Lyon shule mpya ya wahandisi, INSA, kwa kusudi la kupata wahandisi wengi zaidi na kuwapa nafasi watoto wa jamii zote, sio wa matajiri peke yao. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya wazo hilo ni Gaston Berger, mtu wa falsafa aliyekuwa mkuu wa elimu ya juu ya nchi nzima. Berger alizaliwa Saint-Louis, Senegal, mwaka 1896, na chuo kikuu cha mji huo leo kinaitwa kwa jina lake. Siku hizi INSA ni kundi la shule katika miji kadhaa, kama Lyon, Toulouse, Rennes, Rouen na Strasbourg, na kila mwaka zinapokea vijana wenye diploma za ufundi.

JINA LA MHANDISI LINALINDWA

Hili ndilo la kwanza kabisa kuangaliwa, kabla ya uzuri wa majengo, kabla ya karo, kabla ya kitu kingine chochote.

Ufaransa kampuni inaweza kumwita mfanyakazi wake mhandisi ikitaka. Hiyo sheria haikatazi. Lakini kusema kwamba wewe ni mhandisi mwenye cheti, yaani ingénieur diplômé, ni jambo lingine. Jina hilo linalindwa na sheria ya tarehe 10 Julai 1934. Sheria hiyo iliunda tume inayoitwa CTI, ambayo kazi yake ni kukagua shule na kusema ni ipi inaruhusiwa kutoa cheti hicho. Ruhusa haitolewi milele. Ni ya miaka 5 kwa wingi, halafu wakaguzi wanarudi. Orodha ya shule zilizoruhusiwa hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na CTI yenyewe inaiweka wazi kwa kila mtu kuisoma.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenyekiti lisiwe "Ni shule nzuri?" Liwe "Iko kwenye orodha ya CTI?" Jibu ni ndiyo au hapana, hakuna labda.

Ziko shule za binafsi zinazotangaza sana, zenye vitabu vya picha za kuvutia, ambazo hazitoi cheti cha mhandisi. Zinatoa vyeti vyenye majina kama Bachelor, Mastère, Expert au Manager. Sisemi kwamba vyeti hivyo vyote ni takataka. Vingine vinamsaidia mtu kupata kazi. Lakini sio uhandisi. Neno "bachelor" hasa linatudanganya sisi watu wa Kenya, kwa sababu kwetu bachelor ni digrii ya chuo kikuu, basi. Kule shule ya binafsi inaweza kuipa kozi yake jina hilo bila kozi hiyo kuwa na cheo chochote cha serikali. BUT ya IUT ni tofauti, maana imewekwa na serikali na ina cheo sawa na digrii ya kwanza. Neno "mastère" nalo linafanana kabisa na "master", lakini sio kitu kimoja. Cheti halisi cha mhandisi, chenyewe, kina cheo cha master moja kwa moja tangu 1999.

Kuna ujanja mwingine ulio mgumu zaidi kuonekana. Shule moja inaweza kuwa na kozi mbili chini ya paa moja: moja imeruhusiwa na CTI na nyingine haijaruhusiwa. Mlango ni ule ule, nembo kwenye barua ni ile ile. Kwa hiyo usiulize kuhusu shule tu, uliza kuhusu kozi yenyewe iliyoandikwa kwenye barua ya kukubaliwa.

Mama mmoja aliniletea barua ya namna hiyo. Karatasi nzito, muhuri, na maneno kwamba malipo ya kushikilia nafasi yafike kwa siku 10. Tulitafuta kozi hiyo kwenye orodha na hatukuiona. Neno mhandisi lilikuwa juu kabisa ya karatasi, katika jina la shule, lakini jina la cheti lenyewe lilikuwa Mastère. Kikundi kilishikilia pesa yake. Kijana alikasirika sana, na nafikiri bado hajanisamehe kabisa, lakini mwaka uliofuata aliingia shule iliyo ndani ya chuo kikuu cha serikali.

Shule ikisema "lipa kwa siku 10 ama nafasi inaenda", mweka hazina asikimbie benki. Hiyo ndiyo saa ya kwenda pole pole.

HESABU: HAPA NDIPO WENGI WANAPATA SHIDA

Tuseme shule ni ya kweli. Sasa tuangalie kijana mwenyewe.

Mwenye diploma ya ufundi anaingia darasani akiwa na kitu ambacho wenzake wa madarasa ya matayarisho hawana. Ameshika mashine. Amesoma michoro ya kiwandani. Ameshatumwa kazini wiki nyingi, na anajua bosi anavyokasirika kazi ikichelewa. Lakini wale wenzake wamekaa miaka 2 wakifanya hesabu nzito, na muhula wa kwanza wa shule ya wahandisi mara nyingi unaenda kwa mwendo wao. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika BTS anajikuta wa mwisho. Hajawa mjinga kwa likizo moja. Alifundishwa kitu kingine, kwa sababu BTS iliundwa kumtayarisha mtu kuingia kazini, sio kuendelea na masomo marefu. IUT zina nadharia zaidi kidogo, lakini hata huko pengo lipo.

Shule nyingine zinalijua jambo hili na zinalishughulikia. Zinawaita wenye diploma mapema kabla ya masomo kuanza, zinawapa masaa ya ziada ya hesabu, au zinawaweka katika kikundi chao mpaka wafikie wengine. Shule nyingine zinamtupa mtoto majini na kungoja kuona kama anajua kuogelea. Kwenye kijitabu cha shule hutaona tofauti hii, kila shule inasema inawapenda wenye diploma. Inabidi kuuliza waziwazi: mwaka jana waliingia wangapi kutoka BTS na IUT? Wangapi walivuka mwaka wa kwanza? Hesabu za ziada zipo, na ni masaa mangapi? Shule yenye wenye diploma 3 katika darasa la 120 sio sawa na ile ambayo robo ya darasa imetoka huko. Na bora zaidi ni kijana amtafute mwanafunzi aliyepita njia hiyo hiyo mwaka mmoja mbele yake, amwulize bila walimu kusikia.

Kwa aliye na BTS na anajiona dhaifu katika hesabu, kuna dawa ambayo haijulikani sana. Ni darasa linaloitwa ATS. Ni mwaka mmoja wa matayarisho kwa ajili ya wenye diploma za ufundi peke yao: hesabu, fizikia, sayansi ya viwanda, Kifaransa na Kiingereza. Mwisho wake kuna mtihani wa kushindania nafasi, na unafungua hata milango ambayo kwa kawaida mwenye BTS hapiti kwa urahisi, kama Arts et Métiers, shule ya zamani sana ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1780. ATS iko katika shule za serikali, kwa hiyo hakuna karo ya kumsumbua mtu, lakini ni mwaka mmoja zaidi wa kula na kulala. Wazazi wengi wakisikia mwaka mmoja zaidi wanaguna. Mimi naona ni afadhali mwaka huo kuliko kuingia shule, kuanguka, na kurudia mwaka mzima kwa karo na kwa aibu.

ATOKE MWAKA WA PILI AU AMALIZE WA TATU?

Hili ndilo swali gumu lililoletwa na mabadiliko ya 2021. Kijana wa IUT akiomba shule ya wahandisi baada ya mwaka wa pili, akiwa na DUT, atamaliza yote kwa miaka 5. Akimaliza BUT ya miaka 3 kwanza, kwa kawaida shule itamwingiza mwanzoni mwa ile miaka 3 ya uhandisi hata hivyo, na jumla inakuwa miaka 6. Shule zenyewe hazikubaliani. Ziko zinazowachukua wa mwaka wa pili, ziko zinazotaka waliomaliza, na nyingi zinachukua pande zote mbili kwa idadi tofauti. Lazima kuuliza kila shule kivyake.

Anayetaka kupunguza gharama atasema atoke mwaka wa pili. Nami sikatai, akiwa kijana ana alama za juu na hesabu inampenda. Lakini kwa kijana aliye mbali na nyumbani, anayesoma kwa pesa ya kikundi, naegemea upande wa kumaliza. Akiwa na BUT mkononi ana cheo cha digrii ya kwanza. Uhandisi ukimshinda mwaka unaofuata, harudi mikono mitupu. Tena mwaka wa tatu wa BUT unaweza kufanywa nusu shuleni nusu kazini, na kampuni iliyomzoea ndiyo inaweza kumchukua baadaye katika njia ya uanagenzi, ambayo tunaifikia sasa.

PESA

Hapa tufanye hesabu pamoja. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 euro moja ilikuwa ikizunguka karibu shilingi 150, tutatumia hiyo.

Karo ya kawaida katika shule za wahandisi za wizara ya elimu ya juu ilikuwa euro 628 kwa mwaka wa masomo 2025-2026, yaani shilingi 94,000 hivi. Usifurahi haraka. Tangu 2019 serikali iliweka karo ya juu kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya: kwa uhandisi ilianza na euro 3,770 kwa mwaka, na imepanda kidogo tangu hapo. Kwa shilingi ni karibu 585,000. Baadhi ya vyuo vinawasamehe wageni tofauti hiyo, yote au sehemu, kwa hiyo swali la pili la mweka hazina ni hili: shule hii inamsamehe mgeni au haimsamehe, na ni kwa miaka yote 3 au mwaka wa kwanza tu? Shule chache za serikali zina karo yao ya pekee iliyo juu zaidi. Shule za binafsi, hata zile za kweli zilizo kwenye orodha ya CTI, mara nyingi zinadai kati ya euro 6,000 na zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 3, kisha kwa 150, ndipo uulize kama kikundi cha kuuza maziwa kitaweza.

Lakini karo sio mzigo mkubwa peke yake. Kuishi ndiko kunakomaliza pesa. Kwa ajili ya viza ya mwanafunzi, Ufaransa imekuwa ikitaka ushahidi wa angalau euro 615 kwa kila mwezi, na hiyo kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni moja. Paris haitoshi hata hiyo. Shule iliyo katika mji mdogo, kama Tarbes kule kusini au Belfort upande wa mashariki, inaweza kuwa na jina dogo masikioni, lakini chumba ni nafuu, na mwenye nyumba wa Paris hataki kujua jina la shule yako, anataka kodi. Mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi mpaka masaa 964 kwa mwaka. Inasaidia, lakini yule anayefanya kazi usiku hotelini ndiye yule tuliyesema hesabu inamsumbua. Basi angalieni hapo.

Sasa uanagenzi. Tangu sheria ya 1987 mtu anaweza kuwa mhandisi Ufaransa kwa njia ya uanagenzi, yaani anaandikwa kazi na kampuni kwa mkataba, na miaka yote 3 anagawa wakati wake kati ya kampuni na shule. Halipi karo. Kampuni inamlipa mshahara unaohesabiwa kutoka kima cha chini cha nchi. Kwa kijana wa miaka 21 mpaka 25, sheria inasema angalau asilimia 53 ya kima hicho mwaka wa kwanza, 61 mwaka wa pili, na 78 mwaka wa tatu. Kima chenyewe mwaka 2025 kilikuwa euro 1,801 na senti kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo anaanza na karibu euro 955 na kumaliza na karibu 1,405. Mwisho wa yote cheti chake ni cha mhandisi kama cha wengine, kwa sababu CTI inazikagua kozi hizo pia.

Wengi wanaoingia njia hii ni watu wa BTS na IUT, na si ajabu, kwa maana kampuni inataka mtu anayejua kushika kazi tangu siku ya kwanza. Ugumu uko mahali pengine. Kukubaliwa na shule hakutoshi. Lazima kijana atafute kampuni mwenyewe, na bila mkataba nafasi inapotea. Kampuni ikiwa mji mmoja na shule mji mwingine, kuna kodi ya nyumba mbili. Likizo ndefu hakuna. Na kwa mgeni kuna mambo ya kibali cha kazi ambayo inabidi yaulizwe mapema kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya shule. Hata hivyo, mimi nikiwa mweka hazina, hii ndiyo njia ningeiulizia kwanza. Kijana ambaye anatafuta mkataba anaanza kuandika barua kwa makampuni miezi mingi mapema, na mchango ambao kikundi kinaweza kumpa ni nauli ya kwenda kuhojiwa, sio karo ya miaka 3.

Kuna pia njia ya aliyeanza kazi tayari na hana nguvu ya kuacha mshahara. Paris kuna taasisi inayoitwa Cnam, yenye matawi mikoani, iliyoanzishwa mwaka 1794 kwa wazo la padri aliyeitwa Abbé Grégoire. Inafundisha watu wazima jioni na Jumamosi. Fundi mwenye diploma anaweza kuwa mhandisi huko, ingawa ni miaka mingi ya kulala kidogo.

AINA ZA SHULE

Magazeti ya kule yanapanga shule kila mwaka, ya kwanza mpaka ya mwisho. Sitakaa sana hapo. Mipango hiyo inaangalia mishahara ya waliomaliza, utafiti, umaarufu. Haimwambii mwenye diploma kama yeye atavuka muhula wa kwanza.

La maana zaidi ni kama shule inafundisha uhandisi wa jumla au fani moja. Aliyesoma umeme na anaupenda umeme atakuwa nyumbani katika shule za Polytech, ambazo ziko ndani ya vyuo vikuu na zina fani zilizo wazi. Ombi moja linaweza kupelekwa kwa shule za mtandao huo wote. Asiyejua bado anataka nini anaweza kuangalia vyuo vya teknolojia vya Compiègne, Troyes na Belfort-Montbéliard, ambako mwanafunzi anajipangia masomo yake kwa kiasi kikubwa. Uhuru huo ni mzuri kwa anayejiongoza. Kwa anayehitaji kusukumwa, sina hakika.

Lugha isisahaulike. Masomo mengi ni ya Kifaransa, lakini hakuna anayepewa cheti cha mhandisi bila kufikia kiwango kizuri cha Kiingereza, kile wanachokiita B2. Kwa mtoto wa Kenya hii ni bahati, kwa sababu wenzake wa BTS wengi wanakwama hapo hapo. Aitaje kwenye mahojiano bila haya.

KALENDA NA KARATASI

Shule nyingi hazimpi mwenye diploma mtihani mrefu. Zinasoma karatasi zake, kisha zinamwita kuzungumza. Zinaangalia alama za kila muhula tangu wa kwanza, nafasi yake darasani, na neno la walimu wake kama wanamwona anafaa kuendelea. Kwa hiyo anayeamka mwaka wa mwisho kusema anataka uhandisi amechelewa, alama za mwaka wa kwanza zimeshaandikwa.

Maombi hufanyika majira ya baridi kule, kuanzia Januari mpaka Machi au Aprili hivi, na masomo huanza Septemba. Kikundi kinachotaka kusaidia kikutane kabla ya Krismasi, kijana atume majina ya kozi anazotaka kuomba, na mtu mmoja apewe kazi ya kuziangalia kwenye orodha ya CTI. Ofisi ya Campus France iliyo Nairobi inaweza kuulizwa bila kulipa wakala yeyote.

Pesa ya kikundi isitolewe yote kwa siku moja ya harambee na kumalizika. Igawanywe kwa mihula, na kila muhula kijana atume karatasi ya matokeo kabla ya sehemu inayofuata kutoka. Vijana wengine wanaona hii ni kutoaminiwa. Mwambieni ni desturi ya kikundi, hata mkopo wa ng'ombe unafuatiliwa.

Na kama nia yake ni kurudi kufanya kazi hapa, kuna ofisi nyingine ya kuuliza mapema. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, hakuna anayefanya kazi kwa jina la mhandisi Kenya bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, hata akiwa na cheti cha Ufaransa. Bodi inaangalia masomo aliyosoma. Kwa hiyo kila mwaka ahifadhi orodha ya masomo na masaa yake, yenye muhuri wa shule, na atafute tafsiri ya Kiingereza akiwa bado huko, wakati karani wa shule bado anamjua kwa jina.